Vumbi linalozunguka nyota zilizokufa: je, tunaziona sayari au mawe tu?

Novemba 2021, Keith Putirka, mwanajiolojia wa Chuo Kikuu cha Jimbo la California kilichoko Fresno, pamoja na mwanaastronomia Siyi Xu, walitoa utafiti uliovuma sana. Walikuwa wamechunguza vibete vyeupe 23 vilivyo jirani na Jua letu, yaani nyota zilizokwisha kuzimika zikabaki kiini kitupu, ambazo juu yake kumemwagika mabaki ya magimba yaliyokuwa yakizizunguka. Wakasema mengi ya mabaki hayo yametokana na mawe yasiyo na mfano hapa Duniani, wala Mirihi, wala popote katika mfumo wa Jua. Mengine hayakuwa hata na jina, ikabidi wayatungie. Mwaka 2023 Isabella Trierweiler, Alexandra Doyle na Edward Young wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, wakaja na orodha yao ya nyota 31, na jibu lao likaenda njia nyingine: zaidi ya nusu ya mabaki hayo hayatofautiki na kondraiti, mawe ya kawaida ambayo hutuangukia kama vimondo.

Kwa msomaji wa Kampala, Mbarara au Soroti, ubishi huu unaweza kuonekana wa mbali mno. Mimi naona una mizizi nyumbani. Uganda ina mawe ya aina zote mbili zinazobishaniwa, mageni kupita kiasi na ya kawaida kupita kiasi, na ukiyatazama vizuri yanasaidia kupima hoja za kila upande.

Tuanze na kinachoonekana. Nyota kama Jua ikimaliza hidrojeni ya kiini chake huvimba, humeza sayari zilizo karibu nayo, kisha hupuliza tabaka zake za nje mpaka karibu nusu ya uzito wake inapotea angani. Kinachobaki ni kibete cheupe, chenye ukubwa wa Dunia lakini uzito unaozidi nusu ya Jua. Zaidi ya asilimia 95 ya nyota za galaksi yetu zitaishia hivyo, na Jua limo, miaka kama bilioni 5 ijayo au zaidi. Mvutano wa uso wa kibete cheupe ni takriban mara 100,000 ya ule wa Dunia. Kwa nguvu hiyo elementi nzito huzama ndani na kupotea machoni, na juu hubaki hidrojeni au heliamu peke yake. Kwa hiyo ukikuta kalsiamu, magnesiamu, chuma na silikoni katika nuru ya nyota ya namna hii, ujue vimeingia karibuni. Kwa nyota moto zenye hidrojeni, uchafu huo hudumu siku au miaka tu kabla ya kuzama. Kwa zile za heliamu unaweza kubaki miaka milioni kadhaa, muda ambao bado ni mfupi kwa nyota yenye umri wa mabilioni.

Dalili ya kwanza ilikuwa mikononi mwa binadamu tangu 1917. Mwaka huo Adriaan van Maanen aligundua nyota hafifu ambayo sasa ina jina lake, umbali wa miakanuru kama 14, na Walter Adams akapiga picha ya nuru yake pale Mount Wilson, kituo cha kutazama nyota huko California. Mistari ya kalsiamu ilikuwa wazi kwenye kioo cha picha. Karibu karne nzima ilipita kabla ya mtu kusema hadharani kwamba kioo kile kilikuwa ushahidi wa kwanza wa mfumo wa sayari nje ya wetu.

Sababu ya kuchelewa inaeleweka. Kwa miongo mingi wataalamu waliamini kwamba uchafu ule ulikuwa gesi na vumbi la kati ya nyota, ambalo vibete vyeupe huliokota vikiwa safarini. Wazo halikuwa baya, ila lilishindwa kwenye vipimo. Gesi ya kati ya nyota ni hidrojeni karibu yote, lakini nyota nyingi zilizochafuka zina hidrojeni kidogo mno kuweza kuwa zimeila gesi hiyo, na mwaka 2010 Jay Farihi na wenzake walionyesha kwamba uchafu wao hauna uhusiano na mawingu ya gesi yaliyo karibu nao.

Huku nyuma, nyota moja ilikuwa imeanza kusema yenyewe. Mwaka 1987 Ben Zuckerman na Eric Becklin waliona kwamba kibete cheupe G29-38, kilicho umbali wa miakanuru kama 57, kinatoa joto jingi la infraredi kuliko kinavyostahili. Walidhani kina mwenzi, kibete kahawia kilichojificha, yaani gimba lisilo na uzito wa kutosha kuwaka kama nyota. Vipimo vya 1990 vilielekeza kwenye vumbi. Mwaka 2003 Michael Jura akatoa maelezo ambayo ndiyo tunayatumia mpaka leo: asteroidi ilisogea karibu mno na nyota, mvutano ukairarua, na vipande vyake vikasambaa kuwa diski. Mwaka mmoja kabla yake, John Debes na Steinn Sigurdsson walikuwa wameeleza jinsi asteroidi inavyoweza kufika huko. Nyota ikipoteza uzito, mizunguko ya sayari hupanuka na kuvurugika, na vitu vidogo hurushwa huku na huko, vingine vikielekea moja kwa moja ndani. Darubini ya anga ya Spitzer ilipoipima G29-38, mwaka 2005 ikatolewa taarifa kwamba vumbi lake ni silikati, yaani jamii ileile ya madini inayojenga mawe mengi ya Dunia.

Diski zenyewe ni ndogo ajabu. Mpaka wa kuraruka kwa asteroidi uko karibu na nusu kipenyo kimoja cha Jua kutoka kitovu cha nyota, kwa hiyo diski nzima ingeweza kuingia ndani ya Jua letu au kulizidi kidogo tu. Vumbi la ndani hupata joto kali, linageuka gesi, na gesi inaanguka. Mwaka 2022 Tim Cunningham na wenzake walitumia darubini ya Chandra kunasa mionzi ya eksirei kutoka G29-38, wakakadiria kwamba nyota hiyo inapokea takriban tani 1,600 za mata kila sekunde. Kabla ya hapo, mwaka 2015, Andrew Vanderburg na wenzake walikuwa wameona kwa darubini ya Kepler jinsi nuru ya kibete WD 1145+017 inavyozibwa na vipande vinavyoizunguka kila baada ya saa 4 na nusu. Hapo ubishi juu ya chanzo ukawa umekwisha. Mawe yanavunjika na yanaangukia nyota, na hakuna anayepinga.

Kinachobishaniwa ni kiasi gani cha habari tunaweza kukitoa ndani ya mawe hayo.

Wanaosema tunaweza kujua mengi wana hoja nzito, na sitaki kuzipitia kwa haraka. Sayari za nje tunazozigundua kwa njia nyingine hutupa uzito na ukubwa, basi. Ukigawanya unapata wastani wa msongamano, na msongamano mmoja unaweza kutokana na mchanganyiko mwingi tofauti wa chuma, mwamba na maji. Ndani ya sayari hatuingii. Kibete cheupe kinatufanyia kazi hiyo: kinavunja gimba, kinalisaga, kinaliweka juu ya uso wake na kulimulika, elementi moja moja. Hakuna njia nyingine ya kupata orodha ya namna hiyo kutoka mfumo mwingine wa sayari.

Na orodha hizo zimetoa mambo makubwa. Mwaka 2013 Farihi, Boris Gänsicke na Detlev Koester walikuta katika kibete GD 61 oksijeni nyingi kuliko inayoweza kushikwa na madini ya mwamba, wakahitimisha kwamba asteroidi iliyovunjika pale ilikuwa na maji kiasi cha asilimia 26 ya uzito wake. Mwaka 2019 Doyle na wenzake walitumia vibete 6 kuonyesha kwamba mawe yao yaliundwa katika hali ya oksijeni inayofanana na ya Dunia na Mirihi. Mwaka huohuo Christopher Manser na wenzake waligundua ndani ya diski ya gesi ya SDSS J1228+1040 gimba linaloizunguka nyota kila baada ya dakika 123, karibu kiasi kwamba rundo la mawe yaliyoshikana kwa ulegevu lingekuwa limesambaratika zamani. Maelezo yanayokubalika ni kwamba ni kitu kigumu chenye chuma kingi, labda kipande cha kiini cha gimba lililokuwa na tabaka. Basi sayari ndogo zenye kiini na gamba zilikuwepo huko, na sasa zimepasuliwa mbele ya macho yetu. Kutoka hapo hadi kusema kwamba baadhi ya mawe ni mageni, hatua si ndefu.

Hoja za upande wa pili hazivutii vichwa vya habari, lakini kwangu mimi ndizo zinazobana zaidi.

Kuna suala la kiasi. Jumla ya mata inayoonekana kwenye vibete vingi ni ya asteroidi. Hata nyota iliyochafuka sana kama SDSS J0738+1835 imebeba uzito unaokaribia ule wa Ceres, gimba lenye kipenyo cha kilomita 940 hivi, dogo mno kuliko Mwezi. Anayetangaza habari za sayari nzima anapaswa kueleza jinsi alivyoruka kutoka Ceres hadi sayari.

Kuna makosa ya vipimo. Kiasi cha kila elementi kinatokana na mfano wa kihesabu wa anga ya nyota, na kosa la theluthi au nusu juu au chini ni jambo la kawaida. Kwenye chati ambazo wanajiolojia hutumia kupanga mawe, kosa la ukubwa huo linatosha kukutoa chumba kimoja na kukuingiza cha jirani.

Zaidi ya yote kuna muda, na hapa nataka tukae kidogo. Elementi hazizami kwa mwendo mmoja. Chuma huzama haraka kuliko magnesiamu. Ukichota maji ya matope baada ya mvua ukayaacha kwenye chupa, mchanga hutua kwanza na ule udongo laini huelea muda mrefu. Atakayekuja baadaye akapima maji ya juu ataapa kwamba mto ule hauna mchanga. Ndivyo ilivyo kwa kibete cha heliamu ambacho mlo wake ulikwisha zamani. Chuma kimetangulia chini, magnesiamu imebaki, na mtafiti anayesoma nuru anaona kitu kinachofanana na mwamba wa tabaka la kati la sayari ngeni, kumbe kilichoanguka kilikuwa asteroidi ya kawaida. Hatujui nyota iko hatua gani ya mlo wake. Tunakisia, na kila kisio hutoa mwamba tofauti.

Sasa turudi nyumbani. Katika miaka ya 1930 na 1940, Arthur Holmes, mwanajiolojia wa Uingereza, alichunguza lava kutoka kreta za kusini-magharibi mwa Uganda, upande wa Bunyaruguru na jirani zake, zilizokusanywa na A. D. Combe wa idara ya jiolojia ya Uganda. Mawe hayo yalimkatalia kila jina lililokuwepo. Yana silika, yaani muungano wa silikoni na oksijeni, kidogo mno na potasiamu nyingi kupita kiasi, mchanganyiko ambao vitabu vya wakati ule havikuwa na nafasi yake. Yakapewa majina ya hapa: katungaiti kutoka Katunga, mafuraiti kutoka Mafuru, na ugandaiti. Mwaka 1942 madini mapya yaitwayo kalsilaiti yalielezwa kwa mara ya kwanza kutokana na mawe ya Mafuru. Hadi leo mwanajiolojia wa Brazil au Italia akikuta mwamba wa jamii hiyo, analitaja jina lenye asili ya Ankole.

Mfano huu unakata pande zote mbili, na ndiyo sababu naupenda. Anayemtetea Putirka anaweza kusema: mnaona, hata Dunia hii yetu ina mawe ambayo wataalamu hawakuyategemea, iweje mkatae kwamba huko kwingine yapo? Ni kweli. Lakini mawe ya Bunyaruguru yalitokana na kuyeyuka kwa sehemu ndogo sana ya mwamba wa chini, mahali pamoja, chini ya Bonde la Ufa. Mtu wa mbali akipewa gunia la ugandaiti peke yake, akaambiwa hii ndiyo Dunia, atapotoka kabisa. Ugeni wa kipande hauthibitishi ugeni wa dunia nzima. Tena Holmes alikuwa na kitu ambacho mpimaji wa vibete hana: jiwe lenyewe mezani, lililokatwa likawa jembamba kama karatasi, fuwele zake zikionekana kwa hadubini moja moja. Jina la mwamba hutokana na madini yaliyomo, na madini hayo hayasomeki kwenye orodha ya elementi zilizokwisha kuwa gesi.

Mfano wa pili uko mashariki. Tarehe 14 Agosti 1992, alasiri, kimondo kilipasuka juu ya Mbale na mawe yakamwagika mjini na vijijini, mamia ya vipande. Kijana mmoja alipigwa kichwani na kijiwe cha gramu chache kilichopunguzwa kasi na majani ya mgomba, na hakuumia. Niliwahi kuonyeshwa kipande kimoja chenye ukubwa wa yai. Nje kina ganda jeusi la kuungua, jembamba kama rangi iliyopakwa; palipovunjika ndani ni kijivu cha simenti, na ukikigeuza juani unaona chembe za chuma zikimetameta. Ni kizito kuliko unavyotarajia mkononi, na sumaku inakishika. Wataalamu wanakiita kondraiti ya kawaida, kundi L, mata iliyoundwa Jua likiwa changa na isiyowahi kuyeyuka yote na kutengana kuwa kiini na gamba. Jamaa wa jiwe hili, kwa kipimo cha Trierweiler na wenzake, ndio wanaojaza diski nyingi za vibete vyeupe.

Watu wengine husikia neno kawaida wakakata tamaa. Mimi naliona ndilo tokeo kubwa zaidi la utafiti wote huu. Maana yake ni kwamba malighafi iliyoijenga Dunia, pamoja na Elgon, Rwenzori na udongo mwekundu wa Buganda, haikuwa bahati ya pekee ya Jua letu. Nyota za jirani zilijenga kwa mchanganyiko uleule. Iwapo sayari nyingi zilianza na unga mmoja, basi tofauti kati ya Dunia yenye uhai na Zuhura iliyoungua inapaswa kutafutwa kwenye yaliyofuata baada ya ujenzi.

Bado kuna doa ambalo upande huu nao haujalisafisha. Kati ya robo na nusu ya vibete vyeupe vina dalili za uchafu, lakini ni asilimia 1 hadi 4 tu ambavyo tunaona diski ya vumbi ikiwaka kwa infraredi. Uchafu huo mwingine unapita njia gani? Wapo wanaosema diski zipo ila ni nyembamba au zimelala ubavu, hazifikii uwezo wa vyombo. Wapo wanaosema vumbi hugeuka gesi na kwisha mapema, nyota ikabaki na madoa tu. Tumeona pia diski zikififia au kung'aa ndani ya miaka michache, kama ile ya SDSS J0959-0200 iliyopoteza sehemu kubwa ya mwanga wake wa infraredi, habari iliyotolewa 2014 na Siyi Xu na Jura. Kama hatujui mata inafikaje, hatuna uhakika kwamba inafika yote kwa uwiano wake. Inawezekana chuma na mwamba hutengana njiani, ndani ya diski yenyewe, na hapo hata jibu la kondraiti linaweza kuwa na kasoro tusiyoiona.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: diski hizi zinatuonyesha malighafi ya sayari kwa uaminifu mkubwa, na sayari zilizokamilika kwa uaminifu mdogo. Habari za maji, chuma na hali ya oksijeni nazipokea. Majina mapya ya mawe nayaweka kando kwa sasa, bila kumdharau Putirka, kwa sababu amefanya jambo ambalo wanaastronomia walichelewa kulifanya: amewaingiza wanajiolojia mezani.

Hilo la mwisho linatuhusu moja kwa moja. Uganda haimo katika orodha ya nchi za Afrika zilizoshiriki mradi wa darubini kubwa ya redio ya SKA, na setilaiti yetu ya kwanza, PearlAfricaSat-1, iliyorushwa Novemba 2022, kazi yake ilikuwa kuitazama ardhi. Lakini tuna jiolojia. Makerere imefundisha wanajiolojia vizazi na vizazi, na mwanafunzi aliyezoea kupanga mawe ya Bunyaruguru, ya Tororo na ya Kilembe ana jicho ambalo mtaalamu wa nuru za nyota hana. Data nyingi za infraredi na za nuru ya nyota ziko wazi kwa yeyote mwenye intaneti. Kibete LSPM J0207+3331, chenye umri wa miaka bilioni 3 hivi tangu kilipogeuka kibete na ambacho wakati huo kilikuwa baridi kuliko vyote vilivyojulikana kuwa na diski, kilitambuliwa na mtu wa kujitolea aliyekuwa akipitia data hizo kutoka Ujerumani, na taarifa yake ikatoka 2019. Nawasihi walimu wa jiolojia wawaambie wanafunzi wao kwamba mlango huu uko wazi.

Ushahidi ambao ungeweza kunibadili uko ndani ya uwezo wa darubini ya James Webb. Infraredi, tofauti na nuru ya kawaida, huonyesha madini yenyewe wakati vumbi lingali vumbi, kabla halijaanguka na kuvunjwa kuwa elementi. Chukua kibete moto chenye hidrojeni, ambacho uchafu wake huzama ndani ya siku chache, ili tatizo la muda liondoke. Kiwe na diski inayoonekana. Orodha ya elementi zake iseme kwamba mwamba una silika iliyozidi, na vumbi la diski hiyohiyo lionyeshe kwarzi, madini ya silika tupu. Vipimo viwili vikikubaliana juu ya nyota moja, kisha nyingine, nitayaandika majina ya Putirka bila kusita.